Narudi Mbale Krismasi kutoka Marekani, nipitie wapi na nijifiche wapi?

Ticha_wa_Hesabu
Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu, nafundisha hesabu huku Houston na ile viza ya J-1, ile ya mpango wa kubadilishana, na tangu nitoke sijarudi nyumbani. Shule inafungwa Ijumaa tarehe 19 Desemba 2025 na Januari mapema tunarudi darasani, so ukitoa siku za ndege nabaki na kama siku kumi za kukaa na watu. Tiketi ya mpaka Nairobi nishakata, natua usiku wa tarehe 21. Sasa kufika Mbale, Vihiga, ndio balaa. Brathe anasema atanichukua airpoti tupige barabara usiku huohuo, mathe anataka nipande ndege ya Kisumu, na niko na begi mbili za kilo 23 kila moja. Halafu la pili, hili ndilo linaninyima usingizi, mathe ashatangaza kanisani. Meseji zinaingia kutoka kwa watu sina hata namba zao, na mjomba fulani kanitumia picha ya kadi ya mchango kabla hata ya salamu, jina langu liko juu kabisa na kalamu nyekundu. Mlioko ng'ambo huwa mnafanyaje?

Kiboswa_Original
Usiku wiki ya Krismasi? Achana na hiyo. Hapo Gilgil pekee mnaweza kukaa mpaka kupambazuke, bado hujafika Salgaa na Mau Summit na yale malori, na dereva mwenyewe ni brathe amekungoja airpoti tangu mchana. Panda ndege, haifiki hata saa moja uko Kisumu, kutoka hapo ni Mamboleo, Kiboswa, Majengo, uko kwenu. Lakini soma tiketi vizuri, kuna ndege za Kisumu zinatoka JKIA, hapo utakapotua, na zingine zinatoka Wilson, airpoti nyingine, na hiyo ni kule Lang'ata Road, utalia na hizo begi. Pia za ndani hazibebi kilo 46 hivihivi, lipia kilo za ziada mapema ama begi moja brathe aje nayo mchana.

MamaSection58
Mwanangu, kama ni lazima gari basi laleni Nakuru, asubuhi mnaendelea. Usiseme utashukia hapa Nakuru upande matatu, tarehe 23 nauli ya Kisumu na Kakamega hupanda vile makanga ameamka, na hata ukiwa na pesa utagombania kiti na watu wamebeba kuku na magodoro.
Kuhusu watu wa nyumbani, jua hii Januari si kama zingine. Gredi 10 wa kwanza kabisa wa mtaala mpya wanaingia sekondari ya juu, na bweni kwa zile shule kubwa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, hapo sijataja godoro, sanduku na yunifomu. Utaombwa, na wengine hawadanganyi, wamekwama kweli. Mimi ningechagua mtoto mmoja, nilipe moja kwa moja kwa akaunti ya shule, risiti nampa mathe aiweke. Hao wengine wape salamu na soda.

Bukusu_Kansas
Nyote mnaongea gari na kadi, hakuna amemuuliza karatasi. Ticha, DS-2019 yako, ile fomu ya J-1, iko na sahihi ya kusafiri ya sponsa, wale waliokuleta huko? Ile sahihi hukaa mwaka mmoja tu, na ofisi zao Desemba hufunga mapema, itafute wiki hii. Na angalia viza kwa pasipoti yenyewe, tarehe yake si lazima ilingane na ya DS-2019. Viza ikiwa imeisha itabidi uombe mpya ubalozini Nairobi na kwa siku kumi sahau, wanafunzi wako watafundishwa na mtu mwingine mpaka sijui lini.

jirani_wa_mathe
mimi nauliza tu jogoo wangapi wamefungwa mguu tayari

Ticha_wa_Hesabu
Asanteni sana. Viza nimeangalia iko sawa, sahihi ndiyo ilikuwa imepita na sikuwa najua, nishawaandikia. Ndege nimepata ya asubuhi ya 22 kutoka JKIA, brathe anabeba begi kubwa. Mama58, hiyo ya akaunti ya shule nimeichukua, kuna binti ya shangazi. Mjomba bado sijamjibu. Sasa nani anajua mtu wa Probox, yale magari ya teksi, wa kuaminika, kutoka airpoti ya Kisumu mpaka Mbale?

Kiboswa_Original
Yuko, njoo inbox. Lakini usiongee ile Kiingereza ya pua ukiingia gari, mwambie umetoka Thika.