Daktari wa emejensi anaweza pia kushika afya kazini? Niko Pemba naomba ushauri

Kijana_wa_Wete:
Assalam alaykum wanajamvi. Mie ni daktari, intanishipu nimemaliza mwaka jana, sasa niko emejensi huku Pemba na kazi yangu naipenda wallahi, lakini kuna jambo linanikaa moyoni hata usingizi sipati vizuri. Msimu huu wa karafuu peke yake nishapokea watu watatu walioanguka mkarafuuni. Wa mwisho kijana wa miaka 19, tawi lilimkatikia akiwa juu kabisa, wenziwe wakamleta nyuma ya pikapu wamemkalisha kitako, wawili wamemshika mabegani asilale, njia yote ile ya mashimo. Hawakufanya ubaya, ndo walivyojua. Tulipomkata shati karafuu mbichi zikamwagika kitandani, chumba kizima kinanukia, yeye ananiuliza dakta mbona miguu siisikii. Nikamfunga kola ya shingo, dripu, nikahakikisha anapumua vizuri, tukampa rufaa Unguja. Toka siku ile nawaza, mie nakaa chini ya mti nasubiri watu waanguke. Sasa niombe MMed, yaani ubingwa, ya tiba ya dharura au nisomee afya kazini niende kwa watu kabla hawajapanda? Mama anasema mshika mbili moja humponyoka. Kuna mtu kapita njia zote mbili?

Mzee_wa_Ngambo:
Waalaykum salam mwanangu. Mie nimepita, karibu miaka thelathini ya udaktari, zaidi emejensi na miaka ya mwisho nimekuwa nikipima wafanyakazi wa mahoteli na wa ujenzi. Kwanza jua kuwa una bahati kwa wakati uliozaliwa. Zamani zetu emejensi ilikuwa chumba cha kupitia tu, anawekwa daktari mpya kuliko wote. Idara kamili ya dharura Muhimbili imefunguliwa Januari 2010, na mafunzo ya ubingwa yakaanza pale pale kwenye chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, mwaka ule ule, miaka mitatu, wa mwanzo wakamaliza 2013. Kwa hiyo hii ni fani changa bado na visiwa hivi vina njaa nayo.

Ila swali lako la mti nakujibu kwa kisa. Aliletwa mtu usiku, mkulima wa mbogamboga, anatapika, jasho linamchuruzika, mate yanamtoka mdomoni, kifua kinakoroma, waliomleta wanasema kala kitu kibaya. Nikammulika macho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikamuuliza mkewe, leo alikuwa wapi? Akasema alikuwa anapiga dawa ya wadudu kwenye tungule, na bomba lenyewe linavuja mgongoni. Basi mgonjwa kavuliwa nguo zote, kaogeshwa kwa sabuni huku tunamtia atropini, dawa ya kupinga sumu ile, tukarudia na kurudia mpaka kifua kikakauka. Yale mashati tungemwachia mwilini tungekuwa tunatibu huku sumu inaendelea kuingia kwenye ngozi. Sasa niambie hapo nilikuwa daktari wa emejensi au wa kazini?

Na vijana wa majongoo ya bahari nao, wanaozamia kwa hewa ya kompresa. Anakuja na magoti yanauma, miguu ina ganzi, anapewa dawa ya maumivu anarudishwa nyumbani, kumbe kapanda juu haraka na naitrojeni imefanya mapovu mwilini. Yule anataka oksijeni mara moja na chemba ya presha, na usipomuuliza kazi yake hutojua abadan. Mtaliana mmoja, Bernardino Ramazzini, aliwaambia madaktari wenziwe tangu mwaka 1700 kwamba kwenye maswali ya mgonjwa waongeze hili, unafanya kazi gani? Mpaka leo hatuulizi.

Ushauri wangu anza na ubingwa wa dharura, kwa sababu mikono ikishajua kuokoa mtu watakusikiliza ukienda shambani. Afya kazini utaiongeza baadae, MUHAS kuna idara yake. Na mama yako mheshimu, ila mwambie hivi si vitu viwili.

MsimamiziSaiti:
Naomba nimpinge mzee wangu kidogo kwa heshima. Dakta ukiwa na vyeti vyote viwili nani atakuita shambani? Sheria tunayo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar Namba 8 ya mwaka 2005 (OSHA, wakala wa usalama kazini tunaemsikia kwenye redio, ni wa Bara), saiti ya ujenzi kama yangu nikipata mkaguzi najua nini ananidai, kofia, mikanda, kisanduku cha huduma ya kwanza. Lakini mchuma karafuu analipwa kwa pishi, leo yuko kwa huyu kesho kwa yule, mkataba hana, mwajiri wake ni mwenye shamba ambae pengine ni ami yake. Huko sheria peke yake haifiki, atafika mtu anaejulikana. Kwa hivyo usisome ukabaki Dar. Rudi.

BintiWaPaje:
Mie si daktari, mama yangu analima mwani, kilimo hiki kilianza huku kwetu 1989 na yeye alikuwa msichana. Kila akienda hospitali kwa mgongo anapewa vidonge, hakuna hata mmoja aliewahi kumuuliza gunia la mwani mbichi analibebaje kutoka majini, au anainama saa ngapi bamvua likitoka, au mwangaza wa maji unamfanya nini machoni. Dakta yoyote utakayosoma wewe uliza tu hayo.

Bi_Nesi_Mkoani:
Mwanangu huyo alieletwa kakalishwa kanitoa machozi. Wakati unasubiri chuo, tafuta ile kozi ya siku tano ya huduma ya dharura ya msingi ya WHO, ilijaribiwa hata hapa Tanzania kabla haijatolewa 2018, halafu uwafundishe wachumaji vitu viwili tu, alieanguka alazwe chali juu ya ubao au mlango, na mtu mmoja amshike kichwa kisicheze mpaka afike. Jengine, tazama daftari lenu la mapokezi. La kwetu lina jina, umri, shehia, maradhi. Kazi haimo. Ukitaka kujua wangapi wameanguka mkarafuuni utahesabu kwa kukumbuka.

Kijana_wa_Wete:
Ahsanteni sana, mzee wangu nimekufahamu, fomu ya ubingwa nitajaza inshallah na kurudi nitarudi. Bi Nesi nimefanya leo, nimechukua rula nikachora mstari kwenye daftari nikaandika KAZI. Mpaka saa nane mchana nimepata mchuma karafuu mmoja (mkono), fundi wa kuchomea vyuma kaingiwa na chembe jichoni bila miwani, na bibi wa mwani, mgongo, huyo nimemuuliza lile swali la gunia na tumekaa nae karibu nusu saa. Ijumaa baada ya sala naenda kwenye dago, kambi ya wachumaji, nikiwa na ubao wa mlango. Kama kuna mtu ana kola za shingo zilizotumika ambazo bado nzima, aniandikie inbox.