Niko Lyon mwaka wa kwanza, Kifaransa kimenishinda darasani. Nibaki au nirudi nyumbani?

Sauti_ya_Chini:
Wakuu, habari za jioni. Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuandika, leo yamenifika.

Nina miaka 20, nipo Lyon, Ufaransa, tangu Septemba. Nasoma sosholojia, mwaka wa 1 wa licence, yaani shahada ya kwanza. Nilikuja na DELF B2 mkononi, cheti cha Kifaransa cha kiwango cha kujitegemea, nikajua lugha si tatizo. Kumbe Kifaransa cha mtihani na Kifaransa cha mdomoni ni vitu viwili. Kwenye CM, ile mihadhara ya ukumbi mkubwa, mhadhiri anaongea saa mbili mfululizo na ubaoni haandiki kitu. Naandika nusu sentensi, nikiinua kichwa ameshafika mbali.

Kilichonivunja moyo ni kipindi kimoja cha TD, vile vya kundi dogo ambavyo mahudhurio ni lazima. Msichana niliyekaa naye alinigeukia akaniuliza kitu. Nilichosikia ni "dikutanpanskwa". Nikamwomba arudie, akarudia kwa kasi ileile. Mara ya tatu nikatabasamu nikasema "oui", ndiyo. Akanitazama kidogo, akamgeukia wa upande wa pili. Usiku nipo kitandani ndipo ikanijia: "Du coup, t'en penses quoi?" Alikuwa anataka maoni yangu tu. Maneno yote hayo nayajua! Nililia.

Matokeo ya muhula yametoka wiki hii. Masomo matano, uzito sawa: 13, 12, 11, 8 na 7 juu ya 20. Ile 7 ni dissertation, insha ya hoja ya Kifaransa, mwalimu kaandika juu yake "où est la problématique?", yaani swali kuu la insha liko wapi? Kwa hiyo nimefeli mawili. Wikiendi bweni linakuwa kimya, wenzangu wengi wanapanda treni stesheni ya Part-Dieu kwenda kwao, mimi natembea kando ya mto Saône peke yangu. Wazazi sijawaambia. Nafikiria kuacha mwezi huu nirudi, au nitafute chuo cha Kiingereza nchi nyingine. Naombeni ushauri, hasa mliopita njia hii.

Mkongwe_Grenoble:
Pole sana mdogo wangu. Kabla hatujafika mbali, nani kakuambia umefeli? Jumlisha alama zako: 51. Gawa kwa 5: 10.2. Kule muhula unapimwa kwa wastani, na kwa kawaida somo ulilofanya vizuri linafidia ulilofanya vibaya. Wanaita compensation. Chukua relevé de notes yako, ile karatasi ya matokeo, ruka mistari ya masomo, shuka mpaka mstari wa muhula. Ukikuta ADM, maana yake admis, umepita na krediti zote 30. Ukikuta AJ, ajourné, bado kuna rattrapage, mtihani wa marudio. Ila kanuni zinatofautiana chuo na chuo, wapo wanaoweka alama ya chini isiyofidiwa. Soma waraka wa modalités de contrôle des connaissances wa idara yako, yaani kanuni za mitihani, au nenda scolarité, ofisi ya masomo, ukaulize ana kwa ana.

Na hiyo 13 usiidharau. Kule 20 karibu haitolewi. Kuanzia 12 wanahesabu assez bien, vizuri kiasi, 14 ni bien, vizuri.

Kibuyu:
Mimi nasema tofauti. Nilijilazimisha mwaka mzima kwenye mji kama huo mpaka nikaumwa. Kama moyo umeshatoka, rudi. Wazazi watakuelewa kuliko unavyodhani.

Dada_Nuru:
Kibuyu, pole kwa yaliyokukuta, na sikupingi kwamba afya ni kwanza. Lakini mdogo wangu, usiamue Februari, baridi kali na giza la mapema vinakaa kichwani. Kuna Santé Psy Étudiant, vikao na mwanasaikolojia bila kulipa, ni haki ya mwanafunzi yeyote, mgeni au mwenyeji. Vitumie. Jingine: ukiacha kuhudhuria bila kujieleza, siku ya kuhuisha kibali cha kuishi, préfecture, ofisi ya serikali ya mkoa, watataka kuona masomo yako ni ya kweli na unayafanya kwa dhati. Ukitaka kuhama, hama kwa karatasi.

Sasa hiyo dissertation, maana hapo ndipo wengi wetu tunapigwa. Sisi tumezoea swali likija unamwaga yote unayoyajua. Wao wanataka kwanza uonyeshe ugumu uko wapi. Tuseme umeulizwa kama shule inapunguza tofauti za matabaka. Upande mmoja: mtihani ni mmoja kwa wote. Upande wa pili, mwanasosholojia Bourdieu anakuambia watoto wa wasomi wanaingia darasani tayari wana lugha na mazoea ambayo shule inayazawadia. Problématique ni pale pande hizo zinapogongana: inakuwaje shule inayowatahini wote sawa iendelee kutoa matokeo yasiyo sawa? Ukishapata swali hilo, sehemu zako mbili au tatu zinajipanga zenyewe. Mimi nilitoka 6 nikafika 13 kwa kujifunza hilo tu, na sarufi yangu ilikuwa ileile mbovu.

Septante_Liège:
Nilisoma Ubelgiji, ila sikio ni lilelile. Lililonifungua ni kazi ya kuwachukua watoto shuleni jioni. Mtoto wa miaka sita hakuonei haya, ukikosea anakusahihisha papo hapo, na anarudia sentensi mara kumi bila kuchoka. Visa yako ya mwanafunzi inakuruhusu saa 964 kwa mwaka, saa chache kwa wiki hazitakuharibia masomo. Asubuhi sikiliza Journal en français facile, habari kwa Kifaransa rahisi za redio RFI, dakika kumi, kisha soma maandishi yake uone ulipopotea. Na wikiendi ingia SUAPS, michezo ya chuo. Mtu mliyecheza naye mpira wa wavu hahitaji sarufi yako ili akusalimie Jumatatu.

Sauti_ya_Chini:
Nimerudi. Nimeshuka mpaka mstari wa muhula: 10.2, ADM. Nimeutazama nikashindwa kukaa. Scolarité wamenithibitishia. Asante kaka Mkongwe, asanteni wote. Kibuyu, nawe nimekusikia, nimeomba miadi ya mwanasaikolojia.

Leo nilimfuata yule msichana, nikamwambia ukweli kwamba siku ile sikuelewa swali. Kumbe alidhani sitaki kufanya naye kazi. Tumejiandikisha exposé pamoja, yaani kuwasilisha mada darasani, kuhusu mwanasosholojia Durkheim na utafiti wake wa kujiua. Dada Nuru, naweza kukutumia mpangilio wetu uuangalie?

Dada_Nuru:
Tuma hapahapa, na wengine wafaidi. Anza na swali, sehemu baadaye.