Mjadala: Kwenye The Sopranos, tabia ya mtu iko kwenye sahani yake au kwa anayemlisha?

Mdau wa Kirumba:

Wadau habari za jioni, naomba hili tulijadili vizuri maana limetugawa kabisa huku kwetu. Tumekuwa tunairudia The Sopranos, ile ya HBO aliyoitunga David Chase, ilianza 1999 ikaisha 2007, episodi 86, na sa hivi watu wameanza mchezo wa kumpangia kila mhusika chakula cha huku ziwani. Tony, yule bosi wa genge la mafia la New Jersey, kapewa sangara, eti anameza wenzake kama sangara alivyowameza furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Carmela mkewe kapewa sato wa kuchemsha na ndizi, Paulie mtu wake wa genge kapewa dagaa wakavu kwa ajili ya ubahili wake. Mchezo wenyewe mtamu tu na mimi nimeucheza, shida ni kwamba kuna waliofika mbali zaidi, wanasema hata mtu wa kweli ukishajua anapenda kula nini basi roho yake umeshaijua. Hapo nakataa, na nakataa kwa kutumia tamthilia hiyohiyo.

Angalieni wanachokula. Karibu wote wanapenda vitu vilevile, tambi, soseji, na ile nyama ya nguruwe iliyokaushwa wanayoiita gabagool. Kama chakula ndo tabia basi genge zima lingekuwa mtu mmoja. Kinachowatofautisha ni nani kamlisha nani na baadaye akataka nini.

Mfano mkubwa uko sizoni ya tatu, Tony anamsimulia Dokta Melfi, daktari wake wa akili, mambo ya utotoni. Alimwona baba yake akimkata kidole Satriale mwenye bucha kwa sababu ya deni la kamari, na baada ya hapo nyama ya bure ikafika nyumbani kwao, mama yake Livia, mwanamke asiyechekaga kirahisi, siku hiyo kafurahi mpaka anacheza na mumewe jikoni. Mtoto akaanguka akazimia. Sasa niambieni, hapo Tony "anapenda nyama" au hapendi? Anaila maisha yake yote, na ndo inayomwangusha. Alishajua ilikotoka na nani kailipia.

Halafu Carmela, sizoni ya pili. Anataka binti yao Meadow aingie chuo cha Georgetown, anamfuata wakili aliyesoma pale, dada yake jirani yao, kambebea pai ya jibini yenye nanasi na matokeo ya shule ya mtoto. Hatukani, hapandishi sauti, anasema tu anataka barua ya kumpendekeza Meadow iandikwe. Yule mama anaogopa kuliko angeonyeshwa bastola. Mkimpa Carmela sato wa kuchemsha mnamsafisha bure, upishi wake ndo silaha yake na anaijua vizuri.

Sisi watu wa mwalo, pale samaki wanaposhushwa, hili tunalielewa haraka. Tajiri anakupa nyavu, mafuta na barafu, hakuombi hata senti siku hiyo, lakini sangara wako wote lazima umuuzie yeye na bei anapanga yeye. Tony anavyolisha watu ni hivyohivyo.

Dada wa Nyakato:

Kaka nakuheshimu ila kwa Paulie umepita mbali makusudi. Sizoni ya pili wanaenda Napoli, na Paulie ndo anayejisifia Uitaliano kuliko wote, kila saa Italia Italia. Kafika, wenyeji wamemwandalia tambi za wino wa ngisi, anaziangalia kama kawekewa sumu, anaomba makaroni na sosi ya nyanya kama ya kwao New Jersey. Hapo nani kamdai? Sahani moja imetumaliza habari yake yote, anapenda jina la Italia ila Italia yenyewe hawezi kuimeza. Ndo maana mimi kwenye mchezo sikumpa dagaa, nilimpa chipsi mayai, yule mtu anayehubiri mila kila kikao halafu ukimwekea michembe na nsansa, viazi vikavu na mboga kavu za Kisukuma, anauliza kama hakuna chipsi.

Na Bobby wa genge la Tony je? Mkewe Karen kafa kwa ajali ya gari, ziti, yale makaroni ya kuoka, ya mwisho aliyopika imekaa kwenye friza na mwanaume hataki iguswe. Huwezi kuniambia chakula hakisemi mtu yukoje, mimi nililia pale.

Mdau wa Kirumba:

Dada hata mimi pale kwa Bobby niliumia, lakini soma ulichoandika mwenyewe. Bobby angeweza kula ziti ya mgahawa wowote wiki nzima bila neno, anayoshindwa kuigusa ni moja tu, kwa sababu ya mkono uliopika. Na Janice, dada yake Tony anayemtaka Bobby, anaposisitiza waipashe waile, hana njaa yule, anamtoa marehemu ndani ya nyumba ili aingie yeye. Ziti ni ileile, ila mmoja anaitunza kwa upendo na mwingine anaitumia kama ufunguo wa mlango.

Paulie naye alikuwa mgeni mezani kwa watu. Kilichomwaibisha ni kusukuma sahani ya mwenyeji mbele ya wenyeji, na wale pale mezani walimsema kwa Kitaliano yeye hata haelewi. Angekula chipsi zake hotelini peke yake tusingejua kitu.

Ila wa kumtazama zaidi ni Artie Bucco, mpishi rafiki wa Tony tangu utotoni, na nashangaa mchezo mzima hakuna aliyempangia chakula. Mgahawa wake Tony aliuchomesha moto sizoni ya kwanza, eti kumsaidia, mtu asije akauawa mle ndani biashara ikafa. Baadaye kafungua mwingine na Tony anakula pale kama kwake, bili inapanda. Sizoni ya nne Artie anakopa dola 50,000 kwa Tony ili amkopeshe Mfaransa mmoja, hela inapotea, Artie anataka kujiua. Tony anakuja hospitali, anasema deni la yule Mfaransa analichukua yeye na bili yake ya mgahawa ifutwe. Artie anamwambia usoni kwamba yeye Tony aliyaona yote hayo tangu mwanzo, na kwamba alijua mwisho wa siku angekula bure tu. Tony anakasirika kwelikweli, kwa sababu kaguswa palepale. Mpishi ndo pekee aliyemsoma bosi, na alimsomea kwenye bili. Anachopenda kula Tony hakikumsaidia chochote.

Kijana wa Igoma:

Mnasahau mwisho wa tamthilia, pale mgahawa wa Holsten's familia ya Tony inakula vitunguu vya kukaanga vya duara. Nani anamdai nani pale? Baba kaagizia meza nzima basi. Mi nasema Tony ni mtu wa kawaida anayependa kula na watoto wake, sangara mnamwonea.

Dada wa Nyakato:

Kijana kasema vizuri. Na mimi kaka bado sijakubali, nakuletea Ginny mke wa Johnny Sack, yule mkubwa wa genge la New York. Mumewe alikuwa tayari Ralph, mtu wa genge la Tony, auawe kwa utani mmoja tu kuhusu unene wa huyo mama, anaamini mkewe yuko kwenye dayati, kumbe huku chini ya nyumba Ginny kaficha pipi na biskuti, na Johnny anamfumania. Hakuna aliyempa, hakuna aliyemdai, hakuna meza wala mwenyeji. Ni yeye na anachokipenda gizani, anaogopa kumvunja moyo mwanaume anayempenda. Mimi nikiona ile akiba ya pipi nimeshamjua Ginny kuliko kwenye episodi zake zingine zote. Nijibu hiyo, deni liko wapi?