Wanywaji wa chai na vyombo vyao: ni maringo, au wana hoja? Ulinganisho wa kauri, udongo, glasi na chuma

Mpenda Buli (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila yanapozungumzwa majani ya chai, haupiti muda mrefu kabla ya mazungumzo kuhamia kwenye vyombo, na hapo ndipo sauti zinapopanda. Huyu hanywi ila katika kikombe chembamba cha kauri. Yule anaapa kwamba buli la udongo usiopakwa kioo, yaani usio na utando wa kung'aa, ndilo pekee linalostahili majani mazuri. Mwingine akimwona mwenzake na kikombe cha chuma hukunja uso kana kwamba ametukanwa. Watu wa nje hutuita walimbukeni, na si mara zote wanakosea. Ningependa tulinganishe vyombo hivi, tuone ni wapi mnywaji ana hoja na ni wapi anajikweza tu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chombo hubadilisha chai, ila si kwa kiasi tunachodai, na maringo huanza pale mtu anapokosoa kikombe cha mwenzake kabla ya kuonja kilichomo.

Nianze na kauri nyeupe, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na watu ambao riziki yao inategemea ulimi. Kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, kinataka chombo cha kauri nyeupe au cha udongo uliopakwa kioo, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika 6 za kukoleza. Mpimaji hatafuti buli la kujivunia. Anatafuta chombo kisichoongeza wala kupunguza kitu, ili kasoro ya majani, kama ipo, ijitokeze yenyewe. Kwangu mimi ushahidi huu una uzito kuliko simulizi zote za mabuli ya ajabu, kwa kuwa anayenunua chai kwa magunia hana sababu ya kujidanganya.

Kutoka hapo, chombo ninachokithamini zaidi ni bakuli la kauri lenye kifuniko na kisahani, ambalo Wachina huliita gaiwan na ambalo lilienea katika enzi ya Ming (1368–1644). Kifuniko kikisukumwa kidogo upande mmoja huacha mwanya mwembamba. Chai hupita, majani hubaki. Ukikinyanyua na kukinusa upande wa ndani, unaipata harufu ambayo kikombe chenyewe hakikupi, kwa maana mvuke umeganda pale juu na kubeba ile sehemu ya harufu inayopotea upesi. Bakuli moja hutosha kwa chai nyeusi, ya kijani au iliyochachushwa, kwa kuwa halihifadhi kumbukumbu ya kilichopita.

Glasi ina faida ya macho: unaona rangi inavyokolea na unajua lini umwage. Hupoteza joto mapema, jambo ambalo kwa chai ya kijani ni neema na kwa chai nyeusi ni hasara. Kuhusu chuma na udongo, nawaachia wanaovijua zaidi. Naomba kuwasilisha.

Tanuri

Mkuu, nakubaliana nawe juu ya kauri, lakini ungeeleza kwa nini iko hivyo, maana jibu la mada yako liko ndani ya tanuri. Kauri huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,200 hadi 1,400 za Selsiasi, mpaka sehemu ya udongo wake inayeyuka na kushikana kama kioo. Baada ya hapo ukuta wake haufyonzi maji wala harufu. Waingereza, kuelekea mwisho wa karne ya 18, kupitia kazi ya Josiah Spode, walisanifu aina yao kwa kuchanganya udongo mweupe na jivu la mifupa, ambalo hufikia karibu nusu ya mchanganyiko. Kilichopatikana kilikuwa imara kiasi cha kuruhusu ukuta mwembamba unaopitisha mwanga. Anayesema chai ni tamu zaidi katika kikombe cha namna hiyo anasema jambo la kweli kuhusu midomo yake: ukingo mwembamba huifikisha chai ulimini kwa mkondo mdogo na ulionyooka. Kuhusu majani hajasema lolote.

Sasa udongo. Mabuli ya Yixing, katika jimbo la Jiangsu nchini China, hufinyangwa kwa udongo uitwao zisha na huchomwa bila kupakwa kioo, hivyo ukuta hubaki na vinyweleo. Ukilimiminia maji ya moto kwa nje, utaona maji yakitambaa juu ya ukuta na kukauka upesi, huku buli likibadilika rangi kwa muda, badala ya matone kuteleza kama yanavyofanya kwenye kauri. Vinyweleo hivyo hushika mafuta na harufu ya chai. Ndiyo sababu ya ile desturi ya kutenga buli moja kwa aina moja ya chai, na desturi hiyo si maringo: buli lililozoea chai nzito ya kuchachushwa litaichafua chai nyepesi yenye harufu ya maua. Yanayozidi hapo, kwa mfano kwamba buli la miaka mingi hutoa chai hata ukitia maji matupu, mimi nayaweka kando.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wa mabuli hawaulizi, nayo yana athari kubwa kuliko udongo. La kwanza ni kasi ya kumwaga. Buli dogo likichukua nusu dakika kumwaga chai iliyokusudiwa kukolea kwa sekunde 15, chai ya mwisho kutoka itakuwa imekaa mara tatu ya muda wake, na ukakasi utakaousikia utausingizia majani. La pili ni unene wa ukuta. Buli nene na baridi hunyang'anya maji joto mara tu unapoyatia, kwa hiyo lisipopashwa kwanza, chai nyeusi haitakolea inavyopaswa hata kama majani ni bora. Mtu anayejua haya mawili ataandaa chai nzuri kwenye buli lisilo na jina la mfinyanzi, na asiyejua ataiharibu kwenye buli lenye muhuri wa fundi mashuhuri.

Mjukuu wa Birika

Nashukuru kwa elimu, ila naona mnaizunguka mada. Maringo yapo na yanaumiza. Niliwahi kuhudhuria kikao cha wanywaji ambapo mgeni mmoja alikuja na kikombe chake cha chuma kisichoshika kutu, akaulizwa mbele ya watu kama amekuja kunywa chai au kupiga mswaki. Chai yake hakuna aliyeionja. Hakurudi tena, na pamoja naye tulipoteza mtu aliyekuwa anajua majani kuliko nusu ya waliomcheka. Tukilinganisha vyombo bila kulinganisha na tabia zetu, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Kisahani

Mjukuu wa Birika amegusa penyewe, nami nataka kuongeza kwamba tabia hii ni ya kale na imepitia sura nyingi. Katika karne ya 8, Lu Yu, aliyeandika nchini China kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuhusu chai, aliyapanga mabakuli kwa madaraja. Ya tanuri za Yue aliyaweka juu kwa kuwa rangi yake ya kijani iliipendezesha chai. Meupe ya tanuri za Xing aliyashusha kwa kuwa yaliifanya chai ionekane nyekundu. Angalieni kwamba yeye alitoa sababu, na sababu hiyo kila mwenye macho angeweza kuihakiki. Huo ni uchaguzi wenye hoja.

Kisha mambo yakageuka kwa namna ambayo bado inanishangaza. Nchini Japani, Sen no Rikyū (1522–1591), bingwa wa sherehe ya chai, aliwaondoa wenziwe kwenye fahari ya vyombo vilivyoagizwa kutoka China na kuwaelekeza kwenye bakuli la kawaida, jeusi, lililofinyangwa kwa mkono na Chōjirō, mwanzilishi wa ukoo wa wafinyanzi wa Raku. Nia ilikuwa unyenyekevu. Hata hivyo, vyombo hivyo vya unyenyekevu vilianza kutafutwa na wakubwa, vikapewa majina, vikahifadhiwa katika visanduku ndani ya visanduku. Bakuli liitwalo Kizaemon lilitengenezwa Korea katika karne ya 16 kama chombo cha matumizi ya kila siku, na mfinyanzi wake hajulikani. Leo ni Hazina ya Taifa ya Japani na limehifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji, Kyoto. Ninalojifunza hapo ni kwamba maringo hayahitaji dhahabu. Mtu anaweza kujikweza kwa kikombe kilichopinda na chenye ufa sawasawa na anavyojikweza kwa kikombe chenye maua ya rangi, na pengine huyo wa kwanza ni mgumu zaidi kumwambia, kwa kuwa anajiona mnyenyekevu.

Mfano wa karibuni ni kile kikombe kidogo cha enzi ya mfalme Chenghua wa China (1465–1487), chenye picha za kuku na upana wa sentimita 8 hivi, kilichouzwa kwenye mnada wa Hong Kong mwezi Aprili 2014 kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni 280. Mnunuzi, Liu Yiqian, alikinywea chai, picha zikasambaa, na watu wakaghadhibika. Mimi simlaumu kwa kunywa. Kikombe kilifinyangwa ili kinywewe, na kwa dakika hiyo moja kilirudishwa kwenye kazi yake.

Tanuri

Kisahani, historia yako imetulia, isipokuwa hapo mwisho sikubaliani nawe. Kile hakikuwa kitendo cha mnywaji. Kilikuwa kitendo cha mwenye mali mbele ya kamera. Angekuwa anataka chai, bakuli lolote jeupe lingemtosha.

Ila nimefurahi umemtaja Lu Yu, kwa sababu suala la rangi si dogo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu kahawa ulioonyesha kwamba kinywaji kilekile kilihukumiwa kuwa kikali zaidi kilipotiwa kwenye kikombe cheupe kuliko katika kile cha glasi angavu. Ulihusu kahawa, lakini sioni kwa nini macho ya mnywaji chai yawe tofauti. Kwa hiyo mtu akisema chai yake ni bora katika kikombe fulani, huenda anaisikia hivyo kweli. Kosa ni kudai kwamba majani yamebadilika.

Anayetaka kujua ukweli wa buli lake afanye hivi: achukue majani ya uzito mmoja, maji ya birika moja na muda mmoja, akoleze katika vyombo viwili vilivyokwisha kupashwa, kisha mtu mwingine amimine chai zote mbili kwenye vikombe vyeupe vinavyofanana, yeye akiwa amegeuka. Akizitambua mara nyingi mfululizo, buli lina neno. Asipozitambua, aendelee kulipenda buli lake kwa uzuri wake, ambao nao ni sababu tosha.

Majani Mabichi

Mimi niseme la chupa ya chai, ambayo hakuna aliyeitaja, labda kwa aibu. Kulaumiwa kwake kuna haki kwa upande mmoja tu. Chai ya kijani hutaka maji ya nyuzi 70 hadi 80 hivi na muda mfupi. Ukiyafungia majani yake ndani ya chupa inayohifadhi joto kwa saa kadhaa, utakunywa uchungu mtupu. Chai nyeusi iliyokolezwa kwingine, ikachujwa vizuri, kisha ikatiwa humo, hukaa salama kwa muda wa kutosha. Siri ni kuchuja. Na chupa ioshwe hadi kwenye mpira wa kifuniko, kwani harufu ya jana hujificha hapo na chuma ndicho kinachosingiziwa.

Mpenda Buli

Nimefaidika sana. Tanuri, naomba ufafanuzi kuhusu yale mabirika mazito ya chuma kutoka Japani, kwa sababu wengi huyanunua kwa sura yake bila kujua kazi yake. Na kwa anayeanza kabisa, asiyetaka kuingia kwenye mashindano ya vyombo, ungemshauri nini?

Tanuri

Yako ya aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara. Lile ambalo ndani yake ni chuma kitupu, liitwalo tetsubin, ni la kuchemshia maji juu ya moto. Halitiwi majani, kwa sababu madini ya chuma hukutana na tanini za chai, zile zinazoipa ukakasi, na kuifanya iwe nyeusi kama wino. Lile dogo lililopakwa enameli kwa ndani ni la kukolezea, na hilo haliwekwi motoni kamwe, kwa kuwa enameli itapasuka. Muuzaji asiyeweza kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, usinunue kwake. Vivyo hivyo kwa vyombo vya kale vya udongo vilivyopakwa rangi nzito: baadhi ya mipako ya zamani ilikuwa na risasi, na chai ina asidi kidogo, kwa hiyo vibaki kabatini.

Kwa anayeanza, ningesema achukue bakuli jeupe la kauri lenye kifuniko, la mililita 100 hadi 120, na aendelee na kikombe alichonacho nyumbani, hata kiwe cha chuma. Alichague bakuli ambalo ukingo wake umepindukia nje vya kutosha, kwa maana vidole hushika pale pale ukingoni wakati wa kumwaga, na ukingo ulionyooka huunguza.