Miezi 180 ya kuchangia NSSF Tanzania (mfuko wa hifadhi ya jamii) ili kupata pensheni inahesabiwaje?

Wadau, mwanachama ana miaka 58 na taarifa yake inaonyesha michango ya miezi 164. Atapata pensheni ya kila mwezi?

Jibu 1: Bado miezi 16. Miezi 180 si lazima ifuatane, kwa hiyo akibaki kazini ataifikisha kabla ya miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Asikimbilie kudai sasa. Kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55, ila chini ya miezi 180 ataambulia mkupuo tu (malipo ya mara moja).

Jibu 2: Kwanza akague taarifa mwezi kwa mwezi. Mara nyingi makato yapo kwenye slipu ya mshahara lakini mwajiri hakuwasilisha. Apeleke slipu za miezi iliyoruka. Akiwa na namba mbili za uanachama (kosa la kawaida mno), aombe ziunganishwe.

Jibu 3: Na kama aliwahi kuchangia mfuko wa watumishi wa umma, miezi hiyo nayo hujumlishwa.