Nina pikipiki moja ya hesabu, kundi la kusoma Marx limeniita mnyonyaji. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Kihonda ameandika:

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za siasa za vyama, nina swali la kweli.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Tangu mwaka jana niko kwenye kundi la Telegram la watu wanaosoma Kapitali, kile kitabu cha Marx cha kuuchambua ubepari. Wapo wa Dar, Mwanza, wawili watatu wa Nairobi na mmoja wa Bujumbura. Jumapili usiku mmoja anaeleza kurasa za wiki, wengine tunauliza. Nimelipenda sana. Kwa mara ya kwanza nimesoma kitu kinachonieleza kwa nini mshahara unaisha tarehe 10 na hakuna aliyeniibia.

Shida imeanza tulipofika kwenye thamani ya ziada, yaani kile anachozalisha mfanyakazi zaidi ya ujira wake, kinachobaki kwa mwenye mtaji. Nilikopa SACCOS nikanunua pikipiki, nikampa kijana. Ananiletea hesabu ya 10,000 kwa siku, Jumapili ni yake. Mafuta, pancha na faini za trafiki ni juu yake, injini na bima ni juu yangu. Nikauliza kundini kwa nia njema kabisa: hii 10,000 ni thamani ya ziada au ni nini? Admini akanijibu kwamba mimi ni bepari uchwara na sina uhalali wa kukaa na wavujajasho mpaka niachane na hiyo mali. Watu wakamwekea vidole gumba. Kesho yake wakarudi kwenye ugomvi wao wa siku zote, nani alikuwa sahihi kati ya Stalin na Trotsky, wale mahasimu wa Urusi ya kikomunisti, swali langu likafia hapo.

Naomba ushauri: kwa nadharia yenyewe, mimi ni nani? Na nikomae kundini au niondoke? Kuuza siwezi, mkopo bado. Matusi sitaki, nimeshatukanwa ya kutosha.

Naomba kuwasilisha.

kijiwe_nongwa:

Ngoja nikae pale, wajuzi wanakuja.

Pesa Haina Itikadi:

Ukomunisti ulizikwa Moscow 1991. Dada, ongeza pikipiki ya pili, achana na wazee wa ndevu.

Nyundo na Jembe:

Mwalimu, admini wako amekujibu kwa hasira na kitabu anacho mkononi. Afungue sura ya 11 (kwa mpangilio wa toleo la Kiingereza). Marx anapiga hesabu hapo. Chukua kibarua anayefanya kazi saa 12: saa 8 anajirudishia gharama za maisha yake, saa 4 ni za mwenye mtaji. Mwenye mtaji akitaka aishi tu kama kibarua mmoja, bila kushika kazi, anahitaji vibarua wawili. Akitaka aishi mara mbili ya hapo, na nusu ya ziada aigeuze mtaji, anahitaji wanane. Aliye chini ya hapo na mwenyewe bado anafanya kazi, Marx anamuita chotara, nusu bepari nusu mfanyakazi. Wewe una kijana mmoja na chaki mkononi. Bepari kamili hujawa, na kwa mkopo wa SACCOS sioni utakuwa lini.

Ila usishangilie bado. Ile 10,000 haitoki kwenye injini. Pikipiki ikiegeshwa uani mwezi mzima haizai hata mia. Inatoka kwenye kazi ya yule kijana. Kusafirisha abiria ni uzalishaji kama uzalishaji mwingine, hilo limo kwenye juzuu ya pili ya Kapitali, aliyoitoa Engels, rafiki na mwenzake Marx, 1885 baada ya Marx kufa. Tofauti ni kwamba wewe hununui saa za kijana wala humsimamii. Umemkodisha chombo. Kwa hiyo sehemu ya kile anachozalisha inakufikia kwa sura ya kodi. Unyonyaji upo. Ubepari wa kiwanda haupo.

Mpinga Mkondo:

Nakataa hapo kwenye kodi. Angalieni sura ya 21, ujira wa kipande, yaani kulipwa kwa idadi ya vitu ulivyotengeneza badala ya saa. Mfanyakazi anajiona anajilipa mwenyewe kwa bidii yake, hahitaji msimamizi kwa sababu njaa ndiyo inamsimamia. Dereva wa hesabu ni huyohuyo. Anaamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu. Mwenye chombo analala, na 10,000 iko palepale mvua inyeshe isinyeshe. Mnaita kodi ili mwalimu apate usingizi.

Nyundo na Jembe:

Mkuu, kwenye ujira wa kipande bidhaa ni ya tajiri na yeye ndiye anayemlipa mfanyakazi. Hapa nauli iko mfukoni mwa dereva, yeye ndiye anamlipa mwalimu. Pesa inatembea kinyume. Ila la mvua umenipata, hasara yote imesukumiwa kwa dereva. Hilo ni baya kuliko mshahara.

Mzee wa Mlimani:

Binti yangu, hapo mmechanganya vitu viwili, masharti ya uongozi, yaani mali gani kiongozi asiwe nayo, na uchambuzi wa matabaka.

Azimio la Arusha la 1967 lilisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Likahesabu mume na mke kuwa kitu kimoja, maana walijua watu wangeandikisha kwa jina la mama watoto. Lakini liliwabana viongozi wa TANU na serikali na watumishi wa ngazi ya kati na ya juu. Mkulima mwenye ng'ombe wake wa kukamua halikumgusa. Zanzibar 1991 masharti yale yakalegezwa, wakubwa wakajenga za kupangisha mchana kweupe. Hao hakuna aliyewatoa kwenye kundi lolote!

Uchambuzi ni jambo jingine. Issa Shivji, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochapisha kitabu chake cha mapambano ya kitabaka Tanzania, 1976, alikuwa anawalenga mabwanyenye warasimu walioshika dola na mashirika ya umma. Alikuwa anatafuta nani anaamua ziada ya nchi iende wapi. Admini wako anatafuta nani ana dhambi. Marx mwenyewe kwenye dibaji ya Kapitali ya 1867 anasema hamlaumu mtu mmoja mmoja kwa mahusiano ambayo yeye mwenyewe ni zao lake. Na Engels je? Alikuwa na hisa kwenye kiwanda cha pamba Manchester mpaka 1869, na pesa ya kiwanda hicho ndiyo iliyomlisha Marx akiandika. Kwa kanuni ya Telegram, wote wawili wangefukuzwa kundini.

Pesa Haina Itikadi:

Kumbe hata Engels alikuwa na mradi pembeni 😂

Mama Kisamvu:

Mimi niko kwenye kundi la aina hiyo Mombasa, akina mama watupu, kwa hiyo nijibu lile la pili.

Usiondoke bado, ila badilisheni mnavyosoma. Kundi linaloanza ukurasa wa kwanza linafia sura ya kwanza, na wanaobaki ni wale wanaopenda kubishana. Marx alimwandikia rafiki yake Kugelmann Novemba 1867 kwamba mke wa huyo Kugelmann aanze na sura za siku ya kazi, ushirikiano, mgawanyo wa kazi na mashine, kisha malimbikizo ya awali, yaani jinsi mtaji wa kwanza ulivyopatikana kwa kuwanyang'anya watu ardhi. Sisi tukafanya hivyohivyo. Kwenye siku ya kazi kuna binti anaitwa Mary Anne Walkley, miaka 20, mshona nguo London, alifariki Juni 1863 baada ya kushona saa 26 na nusu mfululizo, chumbani wasichana thelathini. Nguo zilikuwa za mabibi wa kwenda dansi ya kumheshimu Binti Mfalme wa Wales. Tuliposoma hapo, fundi mmoja kwetu akaanza kueleza wiki ya mwisho kabla ya Idi ilivyo dukani anakofanya kazi. Somo halikuisha siku hiyo, na Stalin hakuna aliyemkumbuka.

Admini akikataa, wachukue wale watatu wanaouliza maswali kama lako, mfungue chenu. Msizidi kumi.

Mwalimu wa Kihonda:

Asanteni sana, sikutegemea. Mzee wangu shikamoo. Mpinga Mkondo, usingizi sijapata bado. Siku za mvua kijana akikosa hesabu huwa tunaiweka kiporo, analipa taratibu.

Boda Msamvu:

Nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni, abiria hakuna. Mimi ndiye huyo kijana mnayemjadili, ingawa sio wa mwalimu.

Kiporo ndicho kinachotuua. Siku ya mvua natengeneza 12,000, mafuta 5,000, nabaki na 7,000, hesabu 10,000. Nimeshinda nimelowa halafu nadaiwa. Mkiita kodi, mkiita kipande, mfukoni ni ileile.

Halafu hebu pigeni hesabu. 10,000 kwa siku 26 ni 260,000 kwa mwezi. Mwaka ni milioni 3 na ushee, pikipiki mpya imerudi yote. Mwaka wa pili ninalipia nini? Hapo ndipo pa kumuuliza huyo Marx wenu.

Mwalimu, kama unataka kumtendea haki usiuze, mpe mkataba. Analeta hesabu, ukifika muda mliokubaliana chombo ni chake. Kwetu wote tunagombania mkataba.

Mpinga Mkondo:

Huyu ndiye alitakiwa awe admini.

Mwalimu wa Kihonda:

Boda Msamvu, mkataba nimeufikiria. Mkopo wangu unaisha kabla ya mwaka, kwa hiyo naweza. Na siku za mvua kubwa zisihesabiwe kabisa, tuandike hivyo. Tukaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa inatosha?

Boda Msamvu:

Mwenyekiti na mashahidi wawili, mmoja wa upande wake. Na kila hesabu isainiwe kwenye daftari, nakala abaki nayo. Lakini cha kuandika kwanza ni kadi ya umiliki. Kadi ya pikipiki inabaki na tajiri mpaka mwisho, ndiyo desturi, na mwezi wa mwisho ndio wanaotafuta sababu. Utasikia umeharibu taa, umechelewa siku mbili, lete funguo. Jamaa yangu hapa kijiweni alibakiza wiki tatu. Andikeni kadi inabadilishwa jina lini, na nani analipia uhamisho.