Naomba ushauri: kupiga picha ndege wasiokimbia watu, kisiwa cha Cousin, Shelisheli

BintiTanga
Habari zenu wadau. Mwezi wa tano nakwenda Praslin, kisiwa jirani na Cousin, kwenye harusi ya binamu yangu, na nimetenga asubuhi moja ya kwenda Cousin. Hapa Tanga nimezoea ndege wa ufukweni, wale ukinyanyua kamera tu washaruka. Huko naambiwa unasimama hatua chache kutoka kwa ndege anayeatamia naye ametulia tu. Nina lenzi ya 70-300 (ya kuvuta vya mbali) na nyingine ya 50 (isiyovuta). Nibebe ipi? Na linalonisumbua zaidi: nitajuaje kama namkera ndege ambaye hakimbii? Kuna mahali niliwahi kuona mtalii amemsogezea ndege simu mpaka karibu na mdomo, na mwongozaji anatazama. Iliniuma sana.

Nahodha_Mstaafu
Dada, panga siku ya kazi, maana wageni hupokelewa Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi. Boti itakayokutoa Praslin haitagusa mchanga. Mtahamishiwa boti ya hifadhi, kwa sababu kisiwa hakina panya na hawataki aingie hata mmoja. Boti hiyo huingia kwa kasi ikapanda ufukweni, na mwezi wa tano kusi limeshaanza, kwa hiyo kamera iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mbu ni wengi mno, vaa mikono mirefu.

Mtazama_Ndege
Swali lako la pili ndilo kubwa. Ndege hawa wamezaliana vizazi na vizazi mahali pasipo paka wala panya, kwa hiyo hawakujifunza kumkimbia anayetembea ardhini. Lakini mwangalie buabua mweupe: hajengi kiota kabisa. Hutaga yai moja juu ya tawi tupu, penye kibonde kidogo tu. Ukimshtua akaruka ghafla, yai linaweza kuanguka. Kinda naye huanguliwa na kucha kubwa za kung'ang'ania tawi hilo hilo.

Ukiona ameacha kujichambua manyoya, amenyoosha shingo, anainuka nusu, rudi nyuma polepole. Chini ya miti utamkuta ndege mweupe mwenye mkia mrefu mwembamba, ametaga ardhini kwenye mashina. Huyo akifungua mdomo na kupiga kelele, ondoka hapo hapo. Usitoke njiani hata kwa picha nzuri namna gani, kuna ndege wengine wanaotaga kwenye mashimo na ukikanyaga juu yanabomoka.

Lenzi_Zenji
Beba 70-300, ile ya 50 iache. Msituni kuna giza na buabua ni mweupe pee, kwa hiyo kamera itadanganyika na kumuunguza, yaani atatoka mweupe mtupu pichani. Punguza mwanga kidogo, -0.7 au -1, ukague manyoya ya kifua kama bado yanaonekana. Usiogope ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 1600. Flashi usiwashe. Wakati mwingine buabua mwenyewe huja kuelea mbele ya uso wako akikuchungulia, hapo rudisha lenzi kwenye 70 na utulie.

BintiTanga
Asanteni sana, kaka zangu. Nimesoma kuwa kuna mti wenye mbegu zenye ulimbo zinazonasa ndege. Nikimkuta amenaswa, nimbandue?

Mtazama_Ndege
Ni mpisonia. Mbegu zake hunata kwenye mabawa, na zikizidi ndege hawezi kuruka, anakufa. Usimguse wewe. Mwite mlinzi anayewaongoza, umwonyeshe, naye ataamua. Mti huo huo ndio ambao ndege wale weusi-kahawia wenye utosi mweupe hujengea viota, kwa majani yake. Mwezi wa tano utawakuta wanaanza, mdomoni wamebeba jani. Elekeza kamera hapo.

BintiTanga
Nimeandika yote kwenye daftari. Nikirudi nitaweka picha hapa hapa.